Lubumbashi: Mji uchore nafasi za motokari kwanza, ndipo ulipishe

Kufikia saa mbili na nusu ya asubuhi, nafasi nzuri za kuweka motokari katikati ya mji wa Lubumbashi zimekwisha kujaa. Wengi waliozichukua si wateja. Ni wakubwa wa ofisi, wafanyakazi wa benki na wenye maduka wenyewe, wanaoacha motokari mbele ya mlango wao mpaka saa kumi ya jioni. Mteja anayefika saa nne kununua kipande cha moteri, ama kufuata makaratasi kwenye ofisi ya jimbo, anazunguka mara mbili, mara tatu. Mwishowe anapandisha magurudumu mawili juu ya njia ya miguu, anamwachia kijana mmoja franga kidogo za kulinda, anaenda zake. Nyuma yake mama mwenye beseni kichwani anashuka barabarani na kutembea kati ya taximoto na mabasi, kwa kuwa njia yake imefungwa.

Kila anayeshuka "ku ville" anaijua picha hii, iwe kwenye avenue Lumumba, Kasavubu, Moero au Mama Yemo. Na kila mara msongamano unapozidi, wazo linalorudi ni lile lile: wenye motokari walipishwe. Wazo hilo si baya. Shida ni kwamba mji usiochora nafasi hauna kitu cha kuuza. Anayelipa ili asimame juu ya njia ya miguu anakuwa amenunua haki ya yule mama mwenye beseni, na muuzaji ni mji wenyewe.

Hapo ndipo penye neno. Kabla ya gilet, kabla ya risiti, kabla ya kiatu cha chuma cha kufunga gurudumu, ofisi ya meya inapaswa kuonyesha mistari. Hapa motokari, hapa basi, hapa pikipiki, hapa kamyo inashusha mizigo, na hapa hakuna mtu kusimama. Bila mistari, kulipisha ni barrière nyingine tu, na Lubumbashi ina barrière za kutosha.

Inafaa kukumbuka mji huu ulichorwa kwa ajili ya nani. Élisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini. Wabelgiji walipiga mistari iliyonyooka, avenue pana zinazokatana kama madirisha, na lupango kubwa zenye bustani. Lakini upana huo haukuwa kwa kila mtu. Kati ya mji wa Wazungu na site ya Waafrika waliacha eneo tupu la mamia ya meta, lile lililoitwa zone neutre, ili watu wasikaribiane. Mfanyakazi aliingia mjini kwa miguu ama kwa kinga, akafanya kazi, akarudi upande wake jioni. Motokari zilikuwa za wachache, na kwa wachache hao mahali pa kusimama palikuwa popote.

Jina la mji lilibadilika mwaka wa 1966. Mchoro wa katikati haukubadilika sana. Leo wakaaji wa Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na commune Annexe wanateremka wote kwenye avenue zile zile za commune Lubumbashi, maana ndiko kuliko benki, posta, ofisi za jimbo, maduka ya jumla na vituo vya mabasi. Hesabu kamili ya watu hao haipo: sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanywa mwaka wa 1984. Makadirio yanasema mji umepita milioni mbili. Na tangu Sheria ya Madini ya mwaka wa 2002 ilipofungua mlango kwa makampuni mengi, feza ya shaba na kobalti imeleta motokari ambazo avenue hizi hazikuzitarajia. Nyingi ni mitumba ya Japani, zimepita bandari ya Dar es Salaam, zikavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa.

Motokari hizo zina jambo moja ambalo wapangaji wa mji hawalisemi sana. Usukani wa nyingi uko upande wa kuume, lakini katika Congo watu wanaendesha upande wa kuume wa barabara. Basi dogo la aina hiyo lina mlango wa abiria upande wa kushoto. Likisimama pembeni kama sheria inavyotaka, mlango unafungukia katikati ya njia. Abiria anashuka akiwa ameupa mgongo ukingo wa barabara, na kamyo inakuja. Ndiyo maana baadhi ya madereva wanasimama vibaya kusudi, kwa kuvuka ama kwa kukata, ili watu washuke salama, na polisi wa roulage anawaandikia kosa. Mchoro wa vituo usiojali milango ya mabasi utakuwa mzuri juu ya karatasi peke yake.

Sasa kuna upande mwingine ambao hausemwi bila hasira. Wakati viongozi wanapoamua kusafisha katikati ya mji, wa kwanza kuondolewa ni wachuuzi, wale wa masoko yanayoitwa "pirate". Sababu inayotolewa ni kwamba wamefunga njia ya miguu, na kweli, mara nyingi wameifunga. Lakini tazama kinachotokea baadaye. Meza ya nyanya inaondoka, mwenye meza anakimbizwa na beseni lake, na pale pale, juu ya saruji ile ile, inapanda jeep. Jeep haikimbizwi. Motokari ndogo inahitaji kama meta mbili na nusu kwa tano, yaani zaidi ya meta za mraba kumi na mbili. Wamama wangapi wanauza juu ya eneo hilo? Kama njia ya miguu ni ya watu wa miguu, basi ni yao mbele ya mchuuzi na mbele ya jeep pia. Sheria inayomfukuza mmoja na kumpa matabishi mlinzi wa mwingine haiwezi kuheshimiwa, na haiheshimiwi.

Sheria yenyewe ipo. Code de la route ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo inayotumika barabarani, inakataza kusimamisha motokari mahali inapoleta hatari ama inapozuia wengine bila sababu. Upande wa mpango wa miji, viongozi wamekuwa wakiegemea amri ya tarehe 20 Juni 1957, iliyotiwa sahihi kabla ya uhuru. Karatasi si haba. Kinachokosekana ni rangi nyeupe chini na kibao juu ya nguzo. Polisi akimwambia dereva "hapa ni marufuku," dereva anauliza, "imeandikwa wapi?" Na kwa sababu haikuandikwa mahali popote, mazungumzo yanaishia mfukoni.

Wafanya biashara wa katikati ya mji wana wasiwasi wao. Wanasema wakizuia motokari, wateja watakimbilia masoko ya pembeni. Wasiwasi huo unaeleweka, lakini hesabu ndogo inauonyesha vingine. Kwenye kipande cha avenue cha meta 100, ukiondoa pembe na milango ya lupango, upande mmoja unaweza kupokea kama motokari 15. Zikisimama pale toka asubuhi mpaka jioni, masaa nane, zimehudumia watu 15. Kila moja ikikaa saa moja na kuondoka, nafasi zile zile zinaweza kuhudumia motokari 120. Mwenye duka anayefunga nafasi ya mbele kwa motokari yake mwenyewe anafukuza wateja kila siku bila kujua. Na kama nafasi tatu kati ya hizo 15 zingepewa mabasi madogo, zingeteremsha kwa dakika chache watu wengi kuliko zile kumi na mbili zilizobaki kwa saa nzima. Nafasi moja ya motokari inatosha pikipiki tano. Wateja wengi wa Lubumbashi hawaji na motokari yao. Wanakuja na basi, na taximoto, ama na miguu.

Miji mingine ya ukanda huu imekwisha kulipia masomo haya, na Lubumbashi inaweza kuyapata bure. Nairobi inalipisha kwa siku. Mwaka wa 2013 serikali ya kaunti ilipandisha ada ya katikati ya mji kutoka shilingi 140 mpaka 300, na wenye motokari walilalamika. Lakini kosa kubwa halikuwa bei. Ada ya siku nzima inamfaa yule anayefika alfajiri na kulala pale mpaka jioni. Anayetaka dakika ishirini tu analipa sawa naye. Feza inaingia, nafasi haifunguki. Tanzania imechukua njia nyingine. Huko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini ulioanzishwa mwaka wa 2017, unatoza kwa saa, na dereva analipa kwa simu akitumia namba ya malipo inayotolewa na serikali, si kwa kumpa mtu noti mkononi. Madereva wa Dar es Salaam hawaifurahii ada hiyo, bila shaka, lakini anayelipa anajua feza imepita njia gani.

Mtu aliyechimba zaidi jambo hili ni Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyefariki Februari 2025. Katika kitabu chake cha mwaka wa 2005 juu ya gharama ya parking ya bure alisema bei ya haki ni ile inayoacha nafasi moja ama mbili wazi kwenye kila kipande cha barabara, basi. Isiwe juu zaidi, wala chini. Mfano wake mkubwa ulikuwa mtaa wa zamani wa Pasadena, huko California, ambako mita za kulipia ziliwekwa mwaka wa 1993. Wafanya biashara walikataa, mpaka walipoahidiwa kwamba feza itabaki kwenye mtaa wao: njia za miguu, taa, miti, usafi. Hapo walikubali. Lubumbashi si California, na mtu asidanganywe kwamba mashine za kule zitafanya kazi kwenye avenue ambako umeme unakatika. Lakini ile ahadi ya kurudisha feza mahali ilipotoka haihitaji umeme.

Na hiyo ndiyo ahadi ambayo madereva wa hapa hawajawahi kuiona. Mwenye motokari analipa vignette, analipa assurance, analipa contrôle technique, analipa péage akitoka kwenda Kasumbalesa ama Likasi. Akiingia mjini anakutana na roulage. Dereva wa basi anaongeza ushuru wa kituo. Ukimwambia leo kuna feza mpya ya parking, atauliza mara moja: ni ya nani? Ya mji? Ya commune? Ya jimbo? Swali ni zuri. Tangu sheria ya Oktoba 2008 juu ya mamlaka za mitaa, mji na commune vyote viwili ni vyombo vyenye uwezo wao, na orodha ya kodi na ushuru ambao jimbo na vyombo hivyo vinaweza kutoza iliwekwa na amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kwa mkaaji wa kawaida, mambo hayo yanaonekana kama mikono mitatu kwenye gurudumu moja. Madiwani wa commune walichaguliwa Desemba 2023. Kazi moja wanayoweza kuifanya bila kungoja Kinshasa ni kudai hesabu hiyo hadharani: avenue fulani imeingiza kiasi gani mwezi huu, na imetengenezwa nini.

Kuna pia swali la majumba. Katikati ya mji, nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa, na juu ya lupango ile ile inapanda galerie yenye ghorofa tatu ama nne na maduka kila chumba. Bustani ambayo ingepokea motokari imekuwa ukuta. Wengine wanataka kila mjenzi alazimishwe kuweka parking chini ya jengo lake. Hapo pana hatari ya kuiga bila kufikiri: miji ya Marekani ililazimisha hivyo kwa miaka mingi, ikapata viwanja vikubwa vya lami tupu na mitaa isiyotembeleka. Kwa Lubumbashi, kinachohitaji kulazimishwa ni uwanja wa kupakia. Anayejenga maduka ya jumla awe na mahali ndani ya lupango yake pa kamyo kuingia na kutoka. Leo barabara ya watu wote ndiyo inayokuwa depo yake, na bado anapewa ruhusa ya kujenga.

Jambo la kamyo si dogo, maana Lubumbashi si mji wa wakaaji wake peke yao. Haut-Katanga ina wilaya sita, nazo ni Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania, na zote zinateremkia hapa. Chukua Mitwaba, kaskazini, mwendo wa mamia ya kilometa juu ya njia ambazo mvua inazivunja kila mwaka. Mfanya biashara wa kule anashuka na kamyo moja, anapakia chumvi, sabuni, mafuta na mabati kwenye maduka ya jumla ya katikati ya mji, kisha anarudi. Akipakia mchana, anafunga nusu ya avenue kwa masaa matatu, wapusupusu wakipita na magunia kati ya motokari. Akifukuzwa, anazunguka siku mbili akilipa huyu na yule, na gharama hiyo inafika Mitwaba ndani ya bei ya sabuni. Mama wa kule hajawahi kuona avenue Kasavubu, lakini analipia msongamano wake.

Kwa hiyo mpango unaosema tu "kamyo nje ya mji" ni mpango wa watu wenye motokari ndogo. Unaofaa ni wa masaa. Kamyo zipakie usiku ama alfajiri, kwenye sehemu zilizochorwa, zenye taa na ulinzi, na saa mbili ikifika ziwe zimetoka. Maduka yatapaswa kufungua depo mapema, na wabeba mizigo watalipwa zaidi kidogo kwa kazi ya usiku. Hilo litaleta makelele. Lakini makelele ya mwezi mmoja ni nafuu kuliko kuona ambulansi ya kwenda hospitali ya Sendwe imesimama nyuma ya mifuko ya simenti, ama zimamoto wakitafuta pa kupita huku galerie inaungua.

Mvua nayo iko ndani ya hesabu hii. Motokari zinazosimama juu ya mitaro zinavunja vifuniko, vipande vinaanguka ndani, takataka zinakwama, na Novemba maji yanapanda mpaka kwenye milango ya maduka. Kisha wakaaji wanaambiwa wao ndio wanaotupa chupa ovyo. Wanatupa, ni kweli. Lakini kifuniko cha saruji hakikuvunjwa na chupa.

Vijana wanaolinda motokari wasisahauliwe. Ni wengi, wanafahamu kila dereva na kila saa ya kila avenue. Mpango utakaowaona kama takataka za kufagiwa utashindwa, kwa sababu watarudi kesho yake, na wenye motokari wataendelea kuwalipa wao badala ya mji. Afadhali waandikwe, wapewe gilet yenye namba na mshahara unaojulikana, na wakatazwe kugusa noti: dereva alipe kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, kama anavyolipia mambo mengine mengi. Kazi ya kijana ibaki kuangalia saa na kuonyesha nafasi.

Haya yote hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia wala jengo la parking lenye ghorofa tano. Yanaweza kujaribiwa kwenye avenue moja, toka pembe moja mpaka nyingine, wakati wa kiangazi, rangi inapokauka vizuri. Upande mmoja motokari, kwa saa, bei ikiwa imeandikwa kwenye kibao. Upande wa pili kituo cha basi kilichopimwa kwa kufuata milango ya mabasi yenyewe, na nafasi za pikipiki. Vijiti vya chuma pembeni ya njia ya miguu ili hata jeep ya mkubwa isipande. Hasa hiyo ya mkubwa, maana wakaaji wataangalia hapo kwanza. Mwezi wa kwanza bila faini, maonyo tu. Mwezi wa pili hesabu ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya commune: franga zilizoingia, na vifuniko vya mitaro vilivyonunuliwa kwa franga hizo.